ANAKUNYWA MMOJA, NYUMBA NZIMA HULEWA



Somo letu mara hii ni ulevi. Huenda mmoja wenu akasema, "Hilo tumelisikia kanisani tangu tukiwa wadogo." Ni kweli. Lakini mara nyingi tunapozungumza juu ya ulevi, tunamtazama mlevi peke yake: anakunywa nini, anakunywa wapi, amemaliza pesa ngapi, ataacha lini. Leo tuwatazame wale ambao hawakunywa: mke anayekesha akisikiliza mlango, mume anayezika chupa za mkewe shambani ili majirani wasizione, mtoto anayejua kwa mlio wa viatu vya baba kama usiku huu utakuwa wa amani au wa vita. Hao nao wameumia. Jeraha lao halivuji damu, ndiyo maana hakuna anayewapeleka hospitali.

Tutajifunza mambo mawili. Kwanza, ulevi wa mtu mmoja huwafanya watu wote wa nyumba wasahau wao ni nani. Pili, jamaa wa mlevi wanaweza kuanza kupona hata kabla mlevi mwenyewe hajaweka glasi chini.

Ulevi ni nini?

Si kila anayekunywa ni mlevi. Katika mila zetu nyingi, muratina, busaa na mnazi vilikuwa na nafasi yake, na wazee ndio walioamua nani anywe na kwa sababu gani. Ulevi tunaousema hapa ni wa mtu ambaye pombe imemtawala. Ameamua mara nyingi kuacha, na ameshindwa. Anahitaji kiasi kikubwa kuliko zamani ili aridhike. Asipopata, mikono humtetemeka, hutokwa na jasho na kukosa usingizi. Anaona wazi kwamba pombe inaharibu kazi yake, afya yake na ndoa yake, na bado anakunywa.

Chama cha madaktari wa Marekani kilitamka mwaka 1956 kwamba ulevi wa namna hii ni ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani nalo linauweka katika orodha yake ya magonjwa. Kuuita ugonjwa si kumwondolea mlevi wajibu. Mwenye kisukari hakuchagua kisukari, lakini ana wajibu wa kwenda kliniki na kumeza dawa. Tunauita ugonjwa ili sisi wa nyumbani tuelewe jambo moja: hakuna mke aliyemletea mumewe kisukari kwa kupika vibaya, na hakuna mtoto aliyemponya baba yake kisukari kwa kuwa nambari moja darasani. Na ulevi ni vivyo hivyo.

Nyumba inayoizunguka chupa

Katika nyumba yenye afya, kila mtu ana nafasi. Mtoto akilia, anasikilizwa. Mama akichoka, anapumzika. Baba akikosa, anaambiwa kwa heshima. Ulevi ukiingia, nafasi zote huchukuliwa na mtu mmoja. Chakula kitaliwa saa ngapi? Inategemea amerudi saa ngapi. Tutalipa karo? Inategemea pesa za maziwa au bonasi ya chai imepita wapi. Tuwaalike wageni? Inategemea ataamkaje. Zamu ya kuikaribisha Jumuiya Ndogo Ndogo inafika, na mama anatuma ujumbe kwamba mtoto ana homa. Mtoto hana homa. Nyumba ndiyo yenye homa.

Polepole nyumba hiyo hujifunza sheria tatu ambazo hakuna aliyeziandika. Ya kwanza: usiseme. Yanayotokea usiku hayatajwi asubuhi, wala kwa nyanya, wala kwa mwalimu, wala kwa padre. Ya pili: usimtumaini mtu. Baba aliahidi kuja siku ya wazazi shuleni, mtoto akakaa akitazama lango mpaka jioni. Mara ya pili hatazami tena. Ya tatu: usihisi. Kwa kuwa kulia hakusaidii na kukasirika kunaleta kipigo, mtoto hujifunza kuwa kama jiwe.

Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sheria hizi tatu huonekana kana kwamba zinalinda heshima ya nyumba. Kwa kweli zinaulinda ugonjwa.

Jinsi mwenzi anavyojipoteza

Tuchukue mfano wa mke, tukijua kwamba wako pia waume wengi wanaobeba mzigo huu kwa siri kubwa zaidi, kwa sababu mwanamume huona haya kusema, "Mke wangu amenishinda kwa pombe."

Mwanzoni mke huyu anamwombea udhuru mumewe. Anapiga simu kazini kusema ana malaria. Analipa deni la kilabu ili jina la nyumba lisiaibike. Kisha anaanza kupekua mifuko, kuhesabu chupa, kunusa pumzi, kumtuma mtoto akachungulie baba yuko baa gani. Kichwa chake kimejaa mtu mmoja. Ukimwuliza, "Hujambo, mama?" atakujibu, "Leo hakunywa sana." Umemwuliza habari zake, amekupa za mumewe. Hapo ndipo tunapoona jinsi alivyojisahau. Hajui tena anapenda nini, anachoka lini, wala ana maoni gani. Akisifiwa anaona haya, akitukanwa anaona ni haki yake. Mume akimwambia, "Ni wewe unayenifanya ninywe," anaamini.

Bibi Lois Wilson wa Marekani ni mfano ulio wazi. Mumewe, Bill, alikuwa mlevi kwa miaka mingi, naye Lois alifanya kazi, akamlisha, akamwuguza na kumsihi. Hatimaye Bill aliacha pombe, na mwaka 1935, pamoja na daktari Bob Smith, akaanzisha chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, kiitwacho Alcoholics Anonymous. Ungedhani Lois sasa alikuwa na furaha tele. La! Siku moja mumewe alipomhimiza wafanye haraka wasichelewe mkutanoni, alipandwa na hasira akamrushia kiatu. Alipotulia akajiuliza hasira hiyo imetoka wapi. Akatambua kwamba kwa miaka mingi kazi yake duniani ilikuwa kumwokoa Bill. Sasa wageni walikuwa wamefanya lililomshinda yeye, naye hakujua tena yeye ni nani. Mlevi alikuwa amepata dawa, lakini mke hakuwa amepata. Kutokana na utambuzi huo, mwaka 1951 Lois na mwenzake walianzisha chama cha jamaa za walevi, Al-Anon, ambacho leo kiko katika nchi nyingi.

Somo la kiatu kile ni hili: mume kuacha pombe hakutoshi kumponya mke. Mke anahitaji dawa yake mwenyewe.

Watoto na kazi wasizoziomba

Mwaka 1981 mshauri wa familia wa Marekani, Sharon Wegscheider, alieleza katika kitabu chake jinsi watoto wa nyumba ya mlevi wanavyojigawia kazi bila kujua. Wasomaji wetu watawatambua watoto hawa mara moja.

Wa kwanza ni shujaa. Mara nyingi ni kifungua mimba. Anapika, anawaogesha wadogo, anaongoza darasani, na watu humsifu: "Mtoto huyu ni mtu mzima!" Hapo ndipo penye shida, kwa kuwa yeye si mtu mzima. Ndani yake anaamini kwamba akikosea hata kidogo, nyumba itaanguka. Akikua, hajui kupumzika wala kuomba msaada.

Wa pili ni yule anayebebeshwa lawama zote. Anatoroka shule, anapigana, anaiba. Familia nzima inamsema yeye ili isiseme juu ya pombe. Hasira anayoionyesha ni ya nyumba yote.

Wa tatu ni aliyepotea. Huyu hasumbui. Anakaa pembeni na kitabu au na mbuzi malishoni, na hata mama anasahau kama amekula. Amejifunza kwamba usalama ni kutoonekana. Wazazi hujivunia unyamavu wake, kumbe ndiye anayehitaji kuitwa kwa jina.

Wa nne ni mchekeshaji, ambaye aghalabu ni kitinda mimba. Ugomvi ukianza, yeye anafanya kituko ili watu wacheke. Watu hawaoni kwamba anacheka kwa hofu.

Watoto hawa wote wanne wana wazo moja ambalo hawalisemi: "Kama ningalikuwa mtoto mzuri zaidi, baba hangalikunywa." Wazo hilo hukua pamoja nao mpaka katika ndoa zao. Ndiyo maana msichana aliyeapa hataolewa na mlevi hujikuta ameolewa naye, na mvulana aliyemchukia baba kwa pombe hushika chupa ile ile. Madaktari wanajua pia kwamba watoto wa walevi wana hatari kubwa kuliko wengine ya kuwa walevi, sehemu moja kwa kurithi, sehemu nyingine kwa malezi. Lakini hatari si hukumu. Wengi hawawi walevi, na mtu mzima mmoja mwaminifu aliyemsikiliza mtoto anaweza kuleta tofauti kubwa.

Kusaidia na kuficha ni vitu viwili

Hapa watu wengi wa ndoa huuliza: "Je, nikiacha kumficha si nitakuwa nimemtupa?" Hasha. Kumsaidia mtu ni kumfanyia asichoweza kujifanyia. Kumfichia ulevi ni kumwondolea matokeo ya aliyoyafanya, asiyaone. Akianguka mlangoni kwenye baridi, kumfunika blanketi ni huruma. Kumwambia mwajiri kwamba amefiwa ni uongo unaompa nafasi ya kunywa wiki nyingine. Kumpa chakula ni upendo. Kumlipia deni la baa ni kumnunulia pombe ya kesho.

Basi, yafuatayo yamewasaidia wengi:

1. Zungumza naye akiwa mzima, si akiwa amelewa wala usiku wa manane. Sema uliyoyaona na jinsi yalivyokugusa: "Jana watoto walijificha chini ya kitanda, nami niliogopa." Usimwite mbwa wala mzigo.

2. Usitishe jambo usiloweza kulitimiza. Mke aliyesema "nitaondoka" mara 20 bila kuondoka amemfundisha mume kwamba maneno yake ni upepo.

3. Vunja sheria ya kunyamaza. Chagua mtu mmoja mwenye kutunza siri: msimamizi wenu wa ndoa, paroko, sista, dada yako, mganga wa zahanati. Kusema ukweli ili upate msaada si kumsengenya mumeo au mkeo.

4. Tafuta waliopitia njia hiyo. Hapa Kenya viko vikundi vya walevi wanaoacha, na viko vya jamaa zao. Simu ya bure ya NACADA ni 1192, nayo hupokea pia maswali ya jamaa, si ya mlevi peke yake.

5. Rudisha kitu kimoja kilichokuwa chako: kwaya, chama cha akina mama, shamba la mboga, kulala mapema. Usingoje mpaka yeye aache. Huu si ubinafsi. Taa isiyo na mafuta haimwangazii mtu.

6. Usimfungie mlevi wa siku nyingi chumbani ili "pombe imtoke". Anayekunywa sana kila siku akikatiwa ghafla anaweza kupata kifafa, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa, hasa katika siku tatu za kwanza. Aache akiwa chini ya uangalizi wa daktari.

Ahadi ya ndoa na hatari ya maisha

Tufike mahali pagumu. Tuliahidiana kupendana katika afya na maradhi. Mlevi ni mgonjwa. Je, ahadi hiyo inamtaka mke apigwe mpaka avunjike, au watoto walale kichakani?

Kanisa halifundishi hivyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inasema mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa huyo mwenzake sababu halali ya kutengana naye, kwa idhini ya Askofu, au kwa uamuzi wake mwenyewe ikiwa kungoja kuna hatari. Sababu ikiisha, maisha ya pamoja yarudishwe. Hayati Papa Fransisko naye, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alikumbusha kwamba kuna nyakati ambapo kutengana hakuepukiki, na hata huwa ni lazima. Kutengana huku si kuvunja sakramenti. Ni kuokoa watu.

Sheria ya nchi nayo ipo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ujeuri wa nyumbani inamwezesha anayepigwa au kutishwa kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Mtoto aliye hatarini anaweza kusaidiwa kupitia simu ya bure 116. Kwa hiyo, mama au baba, ukiambiwa "vumilia tu, huo ndio msalaba wako", jibu kwa upole kwamba kumvumilia mgonjwa ni wajibu, lakini kuutoa uhai wa mtoto si wajibu wa mtu yeyote.

Na wewe unayekunywa

Pengine gazeti hili limewekwa mezani makusudi ili ulisome. Usikasirike. Aliyeliweka bado anakutumaini.

Matt Talbot, kibarua wa Dublin huko Ireland, alianza kunywa akiwa mvulana mdogo, katika nyumba ambamo baba na ndugu zake wengi walikunywa pia. Wakati mmoja aliiba hata fidla ya mwombaji wa barabarani akaiuza apate pombe. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alimwambia mama yake kwamba anakwenda kuapa kuacha. Mama hakupiga vigelegele wala hakumlazimisha. Alimwonya tu asiape kama hana nia ya kutimiza. Akaenda, akaapa kwa miezi mitatu, kisha akaendelea. Alipofariki mwaka 1925 alikuwa hajarudia pombe kwa miaka 41, na mwaka 1975 Kanisa lilimpa cheo cha Mtumishi wa Mungu Mheshimiwa. Uamuzi ulikuwa wake, si wa mama yake. Na wako pia ni wako.

Tena usiseme una muda. Mwezi Februari 2024, watu zaidi ya kumi katika kaunti ya Kirinyaga walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu. Wengine walipofuka. Kila mmoja alikuwa mtoto wa mtu, na pengine alikuwa amesema ataacha baadaye.

Pombe ikishaondoka

Ukiacha, usitazamie nyumba icheke siku ya pili. Mke amezoea kushika pesa peke yake, na mtoto shujaa amezoea kuwa baba wa nyumba. Watakutazama kwa wasiwasi. Usiseme, "Nimeacha, sasa mnataka nini tena?" Wanataka muda. Tumaini lililovunjwa kwa miaka kumi halijengwi kwa miezi miwili. Rudi nyumbani saa uliyosema, lipa ulichoahidi, omba msamaha kwa kila mtoto kwa jina lake.

Nawe uliyekuwa ukimtunza, mrudishie mwenzako nafasi yake kidogo kidogo. Na watoto waambieni wazi, ninyi wawili pamoja ikiwezekana: "Huu ulikuwa ugonjwa. Si ninyi mlioleta, wala si kazi yenu kuuponya. Kazi yenu ni kuwa watoto." Na kama mwenzako bado anakunywa, usingoje. Waambie maneno hayo peke yako, jioni ya leo.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani au katika Jumuiya

1. Katika nyumba yetu, ni mambo gani yasiyotajwa? Nani alitufundisha kunyamaza?

2. Ni lini nilimsaidia mlevi, na ni lini nilimfichia?

3. Watoto wetu wamechukua kazi gani kati ya zile nne? Ni yupi hatujamwita kwa jina kwa siku nyingi?

4. Mtu akiniuliza habari zangu, je, nina jibu langu mwenyewe?

5. Jumuiya yetu inamjua nani anayekosa kuikaribisha kila zamu yake inapofika? Tutamwendea vipi bila kumwaibisha?